Goti la Afande

Suruali za kazi za Afande zilichakaa magotini kabla ya mahali pengine popote. Mimi ni fundi cherehani. Nilitoka Busia, upande wa Kenya, nikiwa na mashine moja, nikafungua kibanda karibu na kambi ya polisi ya Nsambya, na tangu hapo nimepunguza, nimeongeza na kutia viraka nguo za askari wasiohesabika. Ukiniletea suruali nitakuambia mwenyewe anafanya kazi gani. Ya mtu wa ofisini huisha makalio. Ya trafiki huisha pindo. Yake iliisha magoti, la kulia zaidi, kwa sababu alikuwa akiwafundisha makuruta kulenga shabaha wakiwa wamepiga goti, na hakukubali kumfundisha mtu jambo lolote huku yeye mwenyewe amesimama. Alishuka pamoja nao kwenye kokoto, mwaka baada ya mwaka, mpaka akastaafu.

Kila mtu alimwita Afande. Maafande ni wengi pale Nsambya, lakini ukisema Afande bila kuongeza jina, watu walijua ni yule mama mrefu kutoka kaskazini, mwenye mwanya na mabega ya kubeba gunia. Hata padri alimwita hivyo. Baada ya kustaafu alipanga vyumba viwili mtaa wa nyuma ya kibanda changu, na akawa anapita kila asubuhi kunikagua, kama vile mimi nami nilikuwa kikosi chake.

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Siku za mwanzo nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo, na mara moja nikathubutu kumsahihisha. Alikuwa amesema, "Hii kiti yako iko bovu." Nikamwambia, "Kiti hiki ni kibovu, Afande." Akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Fundi, wewe nakaa juu ya kiti ama juu ya maneno?"

Nikaenda kutengeneza kiti.

Alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilitoka tumboni, na ikitoka, mbwa wa mtaa mzima walikaa chini. Ya pili aliitumia kwa watoto wachanga na kwa kuku wake watatu, nayo ilikuwa ndogo mno, ungedhani ni ya mtu mwingine aliyejificha nyuma yake. Kuku hao hakuwahi kuchinja hata mmoja. Mmoja alizeeka akafa, akamzika uani.

Na alilia. Hilo wengi hawakulijua. Kila jioni alifungua redio kusikiliza matangazo ya vifo, ameshika kikombe cha chai isiyo na sukari, na akisikia kwamba fulani wa Masaka au wa Mityana amefariki na kuacha watoto wadogo, machozi yalimtiririka bila kelele. "Unamfahamu?" nilimwuliza siku moja. "Hapana," akasema, "lakini wale watoto wanamfahamu."

Machozi ya maumivu yake mwenyewe, lakini, alikuwa ameyapiga marufuku. Alikuwa na msemo wake kwa makuruta wenye malengelenge, akaniambia mimi pia nilipojidunga sindano ya mashine kidoleni: "Maumivu ni kuruta. Yeye napiga kelele kwa sababu hapana jua kazi. Pea yeye kazi, atanyamaza."

Kulikuwa na jina moja ambalo hakulitamka. Marehemu mume wake, mwanajeshi, alikuwa Mwislamu, na yeye Afande Mkatoliki. Waliishi hivyo kwa amani, msalaba ukutani na mkeka wa kuswalia dirishani, mpaka mume alipooa mke wa pili, mwanamke wa dini yake aliyekuwa akiuza mukene, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Nakawa. Afande hakugombana. Alikusanya vitu vyake, akaondoka. Mume alipokufa, wanawake wale wawili walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi na wakaondoka bila kusalimiana. Tangu siku hiyo mwenzake alikuwa "yule wa Nakawa". Ilipita miaka kumi na tisa. Nikimpelekea mboga aliuliza kwanza nimenunua wapi, na nikisema Nakawa, alizirudisha mezani taratibu, akasema ameshiba.

Goti la kulia lilipokataa kabisa, alikuwa akiteremka ngazi kinyumenyume kama mtu anayeshuka mtini. Daktari alimwonyesha picha: mfupa juu ya mfupa, hakuna kitu katikati. Wanawe, ambao wote wanafanya kazi mbali, waliungana wakamlipia, akabadilishiwa goti. Mimi ndiye niliyebaki naye hospitalini, kwa kuwa nilikuwa karibu, na kwa kuwa aliniamuru.

Kesho yake asubuhi walimsimamisha. Nilidhani wanatania. Mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja mpole mwenye miwani ambaye sote tulimwita Fisio, alimwekea mbele ile fremu ya chuma ya kutembelea, akamwambia aishike, ahesabu tatu na ainuke. Afande aliinuka kwa moja. Uso wake uligeuka rangi ya majivu, lakini alisimama, akawatazama wagonjwa wengine wodini kana kwamba anakagua mistari yao.

Tulipokuwa tunatoka, Fisio alikaa nasi akatueleza taratibu, mara akinitazama mimi, mara yeye. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu baadaye niliyarudia kichwani mara nyingi mno.

"Dawa hizi kali si za kukulaza, Mama. Ni za kukuwezesha kukunja goti. Meza, subiri zishike, halafu fanya mazoezi. Usipomeza, utashindwa kukunja. Na usipokunja wiki hizi za mwanzo, kovu litashikana ndani kama saruji, na hapo hata mimi sitakuwa na la kufanya."

"Nimesikia," Afande akasema.

"Na usiweke mto chini ya goti. Utaona raha, lakini litajifunza kubaki limepinda."

"Raha sijaomba."

Basi tukaanza. Nilifika kwake kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Nilikuwa nimemtengenezeshea Katwe, kwa wale wachomeleaji, kiti cha chuma chenye tundu katikati cha kuweka juu ya choo cha shimo, maana kuchuchumaa kulikuwa hakuwezekani tena. Alikichukia kiti kile siku mbili. Siku ya tatu akakipigia saluti, akaingia nacho. Barafu tulinunua kwa mama anayeuza juisi iliyogandishwa, tukaiponda ndani ya kavera, ule mfuko wa plastiki, tukaifunga kwa taulo na kuilaza juu ya goti lililovimba mpaka likawa linang'aa. Kisha mazoezi: amelala chali, kisigino kwenye godoro, akikivuta polepole kuelekea makalio. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu.

"Kwa sauti, Fundi! Nataka wale wa nyuma wasikie."

Nilihesabu kwa sauti. Jasho lilimtoka puani, akauma ncha ya shuka, lakini kisigino kilisogea. Wiki mbili za kwanza goti lilikuja vizuri. Fisio alikuwa na rula ya plastiki yenye bawaba ya kupimia, na alipoiweka, alitabasamu. "Tunataka lifike pembe ya kona ya meza, halafu lipite. Limebaki kidogo tu."

Wiki ya tatu halikusogea. Ya nne lilirudi nyuma.

Sikuelewa. Mazoezi alikuwa akifanya, mimi mwenyewe nikihesabu, lakini kisigino kilifika mahali kikasimama kana kwamba kimegonga ukuta, na mguu mzima ukatetemeka. Fisio alipima mara mbili, akavua miwani.

"Mama, unameza dawa?"

"Nameza."

"Zote kama nilivyoandika?"

"Dokta, mimi naonekana mtu wa kuongopa?"

Nilikuwa nimekaa pale pale. Nilimwamini, kwa sababu katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema uongo hata wa adabu, kama ule wa kusifu chakula kibaya.

Alhamisi ya wiki hiyo nilisahau mkasi wangu kwake, nikarudi kuuchukua saa nne asubuhi. Nikamkuta kwenye kona ya barabara akipanda boda. Amekaa upande, magongo yamelala mapajani, ule mguu umenyooka mbele yake hewani, na mwendesha boda ameduwaa, hajui aanzie wapi.

"Afande! Unakwenda wapi na mguu huo?"

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa akipima kama ataweza kunifukuza.

"Chukua boda," akasema. "Fuata mimi. Halafu funga mdomo."

Nilimfuata nyuma mpaka Nakawa, nikiona magari yakiukwepa mguu ule, madereva wakipiga honi na kutukana, naye amekaza macho mbele kama yuko kwenye gwaride. Tuliingia kichochoro nyuma ya soko. Alisukuma pazia la chumba kimoja, tukaingia.

Ndani kulikuwa na harufu ya ubani, na chini ya ubani harufu ya kidonda. Kitandani alikuwa amelala mwanamke mwembamba, kichwa amekifunga kwa kanga, kifua upande mmoja kimefunikwa kitambaa. Sikumtambua mpaka alipoongea. Niliwahi kumwona mara moja, kando ya kaburi, alipokuwa mnene na mrembo.

"Umekuja tena, Dada," akasema.

"Nimekuja." Ilikuwa ile sauti ya pili ya Afande, ya watoto na kuku.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, mguu ukavuka chumba ukaziba mlango. Akafungua pindo la kitambaa chake cha kichwa, akatoa vidonge vilivyofungwa karatasini. Nilivijua kwa rangi. Nilikuwa nimevipokea mimi mwenyewe kwenye dirisha la dawa.

"Hizi umetoa wapi, Dada? Huku dukani hapana uza."

"Kuna kliniki, wananijua."

Yule mwanamke alimeza, akafumba macho. Baada ya muda mikunjo ya paji lake ililegea mmoja mmoja, akalala, mdomo wazi. Afande akabaki amemtazama. Halafu akaniashiria tutoke.

Nje, akiegemea magongo, aliniambia yote. Siku alipokwenda kutolewa nyuzi alimkuta yule wa Nakawa kwenye benchi la korido, hawezi kukaa, hawezi kusimama. Ugonjwa wa titi, umeshaenea mwilini. "Nikauliza, unakunywa nini ya maumivu? Akasema Panadol. Fundi, Panadol!" Hospitali walimpa habari za wauguzi wanaopita majumbani na dawa ya maji, ya chupa, ya maumivu makubwa, lakini alikataa kata kata. Jirani yake alikuwa amepewa chupa hiyo akafa wiki ile ile, naye akaamini ni dawa ya kumaliza watu. Afande alimbembeleza kila siku, hakukubali. Vidonge, lakini, alikubali.

"Na goti?" nikauliza. "Afande, goti lako linafunga. Fisio alikwambia litakuwa saruji."

"Mimi naumwa na kitu ya kupona. Yeye naumwa na kitu ya kufa. Sasa dawa ni ya nani?"

Akaweka magongo sawa kwapani.

"Yeye asijue zinatoka wapi. Akijua atakataa. Na Fisio asijue. Hii ni amri, Fundi."

"Sawa, Afande."

Nilitii siku nane. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilikuwa nimezoea kumtii, hilo ni kweli. Pia niliona kitu kikubwa, wanawake wawili waliokuwa hawasemeshani miaka kumi na tisa wakishikana mikono, na niliogopa kukigusa nisije nikakivunja. Lakini kila asubuhi katika siku zile nane nilikaa kando ya godoro nikahesabu moja, mbili, tatu, nikijua kwamba hana kitu mwilini ila Panadol, nikiona shuka imejaa alama za meno, na kisigino hakisogei. Nilihesabu kwa sauti. Nilimsaidia kuongopa.

Siku ya tisa Fisio alipima, akaiweka rula mfukoni bila kusoma namba. Aliniita nje. "Limeanza kushika," akasema. "Kuna kitu hamniambii." Nikamwambia. Aliniangalia, si kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Hukupaswa kunificha," akasema. "Na yule mgonjwa naye, vidonge hivyo havimtoshi. Mnawatesa wote wawili."

Kesho yake nilifunga kibanda, nikaenda Nakawa peke yangu.

Nilimkuta macho. Nikajitambulisha upya, mimi ni fundi, rafiki wa Afande, nikamweleza: goti limebadilishwa, mazoezi yanahitaji dawa, dawa ndiyo hizi unazomeza. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu.

"Sasa goti yake nakunja mpaka wapi?"

Nilikunja kiwiko changu kumwonyesha. Kidogo. Aliutazama mkono wangu muda mrefu, akageuza uso ukutani, mabega yakatikisika. Kilio chenyewe kilikuwa kinamuumiza kifua, nikaona anakizuia.

"Yule mwanamke," akasema. "Mimi nilichukua bwana yake, yeye nanipa goti."

Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga. "Waambie walete hiyo dawa ya chupa. Lakini wewe hapana ambia Dada kwamba mimi najua. Wacha yeye afikiri amenishinda kwa maneno. Atafurahi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Afande alikwenda kesho yake, akabembeleza kama kawaida, mwenzake akakataa mara mbili kwa ajili ya heshima, mara ya tatu akakubali. Afande alirudi Nsambya amechangamka kama mtu aliyeshinda kesi. "Nimempiga kwa maneno, Fundi! Amelegea!" Nikampongeza. Fisio alikuwa ameshazungumza na wale wauguzi, wakaja na chupa na kikombe kidogo cha kupimia, wakamweleza kwamba dawa haimharakishi mtu, inampumzisha tu.

Mwenzake aliishi wiki tano. Alilala usiku, akala uji, akapata nguvu ya kuongea. Nilipokwenda kuwaona niliwakuta wakimsengenya marehemu mume wao, namna alivyokoroma, namna alivyoficha soksi mbovu chini ya godoro katika nyumba zote mbili, wakacheka mpaka yule mgonjwa akamwomba Afande anyamaze. Aliitwa "mwenzangu" sasa. Afande alikuwa akimwosha kidonda mwenyewe, amekaa kwenye kiti kirefu tulichomtafutia, na mguu ule umenyooka kando.

Afande alikuwa amerudia vidonge vyake, lakini goti lilikuwa limeshakataa. Fisio alisema ipo njia moja iliyobaki: arudi hospitalini, alazwe usingizi, madaktari walikunje kwa nguvu yeye akiwa hajitambui, halafu aanze mazoezi upya kuanzia siku hiyo hiyo. Lakini isicheleweshwe.

"Nani ataosha kidonda?" Afande akauliza.

"Nitaosha mimi," nikasema.

"Wewe unashona. Goti baadaye."

Mwenzake alifariki asubuhi, akiwa ameshikwa mkono. Tulimzika siku ile ile, kwa desturi yao. Safari hii Afande alisimama upande wa wenye msiba. Baada ya wiki alirudi hospitalini, wakajaribu kulikunja, likaongeza kidogo, upana wa vidole vitatu labda, na maumivu aliyotoka nayo kule yalikuwa makubwa kuliko ya mwanzo. Kwa mara ya kwanza nilimsikia anaguna. Miezi miwili baadaye alirudi kwao Arua, kwa mdogo wake, kwa kuwa ngazi za Nsambya zilikuwa zimemshinda. Niliwashona wale kuku wawili waliobaki kwenye kikapu, vichwa nje, akaondoka nao.

Mwaka uliofuata nilipigiwa simu: kuna hitima Nakawa, ya mwaka mmoja, na Afande anakuja. Alisafiri kwa basi akikalia viti viwili, kimoja chake, kimoja cha mguu. Nilipomwona nilishtuka. Mabega yalikuwa yameshuka. Wanawake walikaa mikekani, yeye peke yake kitini, rozari imezungushwa kwenye kifundo cha mkono, akisikiliza dua kwa lugha asiyoijua na kuitikia amina mahali panapostahili. Alipopewa sahani ya pilau aliishika tu.

Watu walipoanza kuondoka nilikaa miguuni pake. Tukaongea habari za kuku, wa Arua ni wakorofi. Habari za goti, asubuhi linakuwa kama si lake. Halafu akasema, akitazama pazia la kile chumba, ambacho sasa kilikuwa na mpangaji mwingine:

"Kitu moja nashukuru. Alikufa hajui ile dawa ilikuwa yangu."

Ningeweza kukubali kwa kichwa tu. Nilikuwa nimeahidi. Lakini nilikuwa nimechoka kumsaidia kuongopa, na hata kwa wema sikuweza tena.

"Alijua, Afande. Nilimwambia mimi. Ndiyo sababu alikubali chupa."

Hakugeuka. Nilisikia sahani zikikusanywa uani.

"Alisema nini?"

"Alisema nisikuambie."

"Basi wewe umevunja amri ya watu wawili."

"Ndiyo, Afande. Na nilichelewa. Siku nane nilinyamaza. Ningesema mapema, goti lako..."

Alinyanyua mkono kunikatiza. Nilimwona anahesabu, midomo ikisogea bila sauti, moja hadi nane, na macho yakamjaa.

"Wacha goti," akasema. "Ungevunja mapema, Fundi. Yeye angepata kulala."

Akaweka mkono begani kwangu, akaegemea kwa uzito wake wote, akainuka.